Nukta Saba za Gasekuro

KIGALI, Agosti 1992. Saa moja kasorobo asubuhi, hata mfagizi hajafika, Zaina Mukandekezi anakung'uta vumbi la kiangazi kwenye viatu vyake, anafungua mlango wa chumba cha mwisho kwenye korido, na jambo la kwanza analofanya ni kukishusha kiti.

Ni kiti cha kuzunguka, cha rangi ya kijivu, na si chake. Mwenyewe ni Donatille, mwenzake wa ofisini, mwanamke mrefu wa miaka ishirini na saba. Zaina ana miaka thelathini na minane na ni mfupi. Anakizungusha kiti mara sita, anakaa, miguu inagusa sakafu. Saa mbili kamili, Donatille akifika, kiti kinatakiwa kiwe kimerudi kilivyokuwa.

"Siku nyingine nasahau," anasema Zaina. Hasemi kwamba anasahau makusudi, lakini macho yake hayajui kuficha.

Anaivua kompyuta kifuniko cha kitambaa cheupe chenye maua ya waridi, ambacho Donatille alikitarizi mwenyewe, na kukitupia juu ya kabati bila kukikunja. Anawasha. Mashine inanguruma, kioo kinatoa mwanga wa kijani, na kazi inaanza.

Ofisi hii ya Kimihurura inakusanya takwimu za mazao. Kila msimu wapimaji wanapanda vilima na mizani begani, wanapima maharage ya kila shamba lililochaguliwa, na kurudi na namba. Namba zinaingizwa kwenye programu ya takwimu, na programu inazigeuza kuwa mchoro wa nukta, kila shamba nukta moja. Mhimili wa chini, ule uliolala, unaonyesha vikapu vya samadi ambavyo mkulima alimwaga. Mhimili wa kusimama unaonyesha kilo alizovuna kwa kila ari moja, yaani kipande cha mita kumi kwa kumi.

Donatille anazichora nukta. Zaina anaipanga mihimili. Anaiambia programu kila mhimili uanzie wapi, uishie wapi na ugawanywe mara ngapi, ili vilima vyote vipimwe kwa kipimo kimoja.

"Hii mashine haina adabu ya kuuliza," anasema, vidole vikibonyeza. "Ukiiacha peke yake, kila kilima inakipa kipimo chake. Mwenye gunia na mwenye kibaba, wote inakuonyesha wamejaza nyumba."

Akimaliza kupanga, anachomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi. Mumewe, Swedi, ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, na nyumba yao haikosi sindano. Kwa ncha ya sindano hiyo Zaina anahesabu nukta za kila karatasi iliyochapwa. Kila kilima kina mashamba arobaini, kwa hiyo kila karatasi lazima iwe na nukta arobaini.

Karatasi ya namba 41 ni ya kilima cha Gasekuro. Anahesabu: thelathini na tatu. Anarudia kutoka upande wa pili: thelathini na tatu. Pembeni chini kuna herufi mbili za wino, D.N., alama kwamba Donatille amekwisha kuimaliza.

Zaina anaigeuza karatasi kifudifudi. Anatazama mlango. Kisha anachukua ya namba 42, kana kwamba hakuona kitu.

Karatasi hiyo tuiache hapo ilipo kwanza, kwa sababu huwezi kuielewa bila kujua kilichotokea kwenye chumba hiki Februari iliyopita, na huwezi kuielewa Februari bila kujua wivu wa mama huyu.

Zaina ni mzaliwa wa Biryogo. Babu yake alifika Kigali na robota za nguo kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya jikoni mwao. Ana watoto wanne. Mshahara wake ni faranga elfu kumi na nne kwa mwezi, na kodi ya nyumba inakula karibu robo. Ili kuokoa nauli anatembea: anashuka Rugunga, anavuka bonde la Kanogo, anapanda Kimihurura. Tangu vita vianze huko kaskazini kuna vizuizi viwili njiani, kwa hiyo anatoka nyumbani mapema na kitambulisho kikiwa mkononi.

Aliajiriwa mwaka 1981 kama mchoraji. Wakati huo hapakuwa na kompyuta. Kulikuwa na kalamu za wino, rula na karatasi za milimita, zile zenye miraba midogo. Mchoro mmoja ulichukua siku mbili, na Zaina alikuwa na mkono ambao wakubwa waliwaonyesha wageni.

Wachoraji wa zamani walikuwa na desturi zao. Ya kwanza, mwenye kazi huweka herufi za jina lake pembeni, na kazi iliyokwisha kuwekwa herufi haiguswi na mkono mwingine. Kuigusa ni kumvua mwenzio nguo. Ya pili, michoro miwili inayolinganishwa hupelekwa dirishani: unaibandika kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine, mwanga unapita, na mihimili lazima ilaliane namba kwa namba.

Mwaka 1990 ilikuja kompyuta. Ilikuja pamoja na nafasi moja ya mafunzo, wiki sita Bujumbura. Zaina alikuwa na miaka tisa kazini. Donatille alikuwa na miaka miwili, tena ya kupiga taipu. Akaenda Donatille.

"Shefu, mkuu wetu, alisema aliyezoea kalamu vidole vyake vizito," anakumbuka Zaina. Anaviinua vidole vyenyewe, vyembamba, vina doa la wino ambalo halijatoka hadi leo. "Nilimwonea wivu yule mtoto, sikufichi. Alirudi na mkoba mpya na neno disketi mdomoni. Ukimsalimia, disketi. Ukimwomba chumvi, disketi."

Zaina mwenyewe kufundishwa hakufundishwa. Alijifunza akiwa amesimama nyuma ya kiti, kazi yake ikiwa kupokea karatasi zinazotoka kwenye mashine ya kuchapa. Kila kitufe alichoona Donatille akibonyeza alikiandika kwenye kiganja chake kwa wino, na jioni alikinakili nyumbani kabla ya kunawa. Ilimchukua mwaka mzima. Mwishowe Évode, mkuu wa ofisi, ndiye shefu huyo, alimruhusu akae kwenye mashine nusu siku: asubuhi Donatille, mchana Zaina.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na Évode alijua. Mwanzoni mwa mwaka huu alitangaza kwamba baada ya ripoti ya Februari kiti kitakuwa na mtu mmoja. Wa pili atahamia masijala kubandika lebo kwenye mafaili.

Kuanzia siku hiyo Zaina hakuona kitu kingine isipokuwa kiti. Na kila alipokitazama, aliona kinaelekea kwa mwenzake.

Sababu ilikuwa ukutani. Donatille aliiacha programu ijichagulie mihimili, na programu, kama ilivyo tabia yake, ilizitandaza nukta zikajaa karatasi nzima. Zaina aliipanga mwenyewe kwa kipimo kimoja, kama alivyofanya kwa kalamu miaka yote, na nukta za kilima maskini zilijikunyata chini kwenye kona. Évode alipenda karatasi zilizojaa. Za Donatille alizibandika ukutani. Kwa Zaina alikuwa na swali moja: "Mbona karatasi yako tupu, Mama?"

"Swali lile lilinikata," anasema Zaina. "Nilikuwa nikilala naliota. Karatasi yako tupu. Karatasi yako tupu."

Jumatano moja mwishoni mwa Januari, Donatille akiwa ameenda kunywa chai, Zaina aliziona mezani karatasi mbili zikiwa tayari na herufi za D.N. Moja ilikuwa ya kilima cha Ruhimbi, nyingine ya Gasekuro. Kwa macho zilikuwa mapacha. Namba za pembeni zilikuwa zimefifia, maana utepe wa mashine ya kuchapa ulikuwa umechoka. Mkono wa Zaina ukafanya ulichozoea: ukazipeleka dirishani.

Mihimili haikulaliana. Mhimili wa kusimama wa Ruhimbi uliishia kilo ishirini. Wa Gasekuro uliishia kilo tano, lakini ulikuwa na urefu uleule. Gasekuro, kilima chenye njaa, kilikuwa kimevishwa nguo za Ruhimbi.

Halikuwa jambo dogo. Kwa michoro hiyo, mkutano ungechagua vilima vitakavyopewa mbegu za maharage ya kutambaa kwenye miti, yale yanayozaa mara mbili au tatu zaidi. Kilima kilichoonekana kimeshiba kingefutwa kwenye orodha.

Zaina alizirudisha karatasi mezani kama alivyozikuta. Akanyamaza.

"Nilisema moyoni: acha ziende. Acha zifike mbele ya watu wote," anasema. "Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wiki hiyo nilipika pilau siku ya kawaida, watoto wakauliza kuna mgeni gani."

Mgeni alikuwa wivu, na Swedi alimtambua. Alipoelezwa chanzo cha pilau, aliweka kijiko chini, akamwambia mkewe amtahadharishe mwenzake kesho yake.

"Nikamwambia, yeye alipojua disketi alinitahadharisha mimi?" anasema Zaina. "Swedi akaenda kulala."

Mkutano ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Watu ishirini walijaa chumbani, michoro ikiwa ukutani, na Évode akaanza kuvisoma vilima vya kufutwa. Aliposema Gasekuro, mtu mmoja karibu na mlango aliinua mkono. Alikuwa Habumugisha, mpimaji wa Gasekuro, mzee mwenye buti za mpira, ambaye kwa desturi hasemi kitu kwenye mikutano.

Tulimkuta mtaa wa Gikondo wiki hii, amekuja kutengenezesha mizani yake kwa fundi, akatusimulia kwa Kiswahili chake.

"Mimi nilisema tu, hii kirima yetu iko navuna sawa na Ruhimbi tangu rini? Ni mimi iko nabeba mizani. Maharage nilipima ilikuwa ya kujaza kofia, basi. Wote wakacheka. Mwingine akasema, muzee, wewe soma kirima, picha waachie wenye kusoma."

Vicheko hivyo ndivyo vilivyomwinua Zaina. Angependa kusema kwamba alimhurumia mzee, na kwa kweli alimhurumia, lakini anakiri kwamba miguu yake ilikuwa imeisubiri siku hiyo kwa hamu. Alikwenda ukutani, akazibandua karatasi mbili, akazibandika kwenye kioo cha dirisha moja juu ya nyingine, akamwita Habumugisha asogee. Kila mtu aliona ile tano ya Gasekuro imekaa juu ya ishirini ya Ruhimbi.

"Nilimtazama Donatille. Uso wake ulikuwa umeshuka," anasema Zaina. "Nilisikia utamu, weee! Utamu wa miaka miwili."

Utamu haukudumu. Évode alizitazama karatasi, akamtazama Zaina, akauliza taratibu: "Uliliona lini hili, Mama?"

Zaina angeweza kudanganya. Anasema hajui kwa nini hakudanganya. "Jumatano," alijibu. "Jumatano ya wiki iliyopita."

Évode alihesabu kwa vidole mbele ya watu. "Kosa la Donatille ni la ujana," alisema. "Lako lina siku tisa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Gasekuro ilirudishwa kwenye orodha, Habumugisha akapewa mkono na wale waliomcheka, na Jumatatu Zaina akahamia masijala. Kiti kikawa cha Donatille.

Alikaa masijala wiki tatu, akibandika lebo na kusikiliza mashine ya kuchapa ikikwaruza upande wa pili wa ukuta. Alijua kwa kusikia tu ni mchoro wa ngapi. Ijumaa aliziosha kalamu zake za zamani, ingawa hazikuwa na kazi, wino usije ukagandia ndani.

Kisha Évode akamwita. Tangu sasa, alisema, Zaina atafika kabla ya saa za kazi, atapanga mihimili ya michoro yote, na saa mbili atarudi masijala. Aliyeomba ni Donatille.

Mtu mwingine angeshukuru. Zaina alikasirika.

"Hata wema wake ulinichoma," anasema. "Angenichukia tungeelewana. Lakini ananiombea? Mimi niliyembandikia kosa lake dirishani? Nikasema, kumbe hata roho nzuri ameniwahi."

Donatille mwenyewe tulimkuta kwenye mkahawa wa ofisi. Alizaliwa Butare, na Kiswahili amekiokota Kigali. Hakuzungusha maneno.

"Zaina iko na wivu mingi, kila mtu anajua. Nikivaa kiatu mpya, yeye iko wa kwanza kuona. Kiti yangu kila siku nakuta iko chini, nanyamaza. Lakini iko na jicho. Mimi nilikuwa naangalia nukta, yeye iko naangalia karatasi yote. Ile siku mbele ya watu nililia kwa choo. Kesho yake nikasema, heri huyu awe nyuma yangu asubuhi kuliko awe mbele yangu kwa mkutano."

Mbegu zilifika Gasekuro mwanzoni mwa Machi, zikapandwa, zikavunwa Juni. Ndiyo michoro inayoandaliwa sasa, sitini na minne kwa jumla, isipokuwa ya tarafa chache za kaskazini ambako wapimaji hawafiki tena kwa sababu ya vita. Mkutano wa kuamua nani aendelee kupewa mbegu ni Ijumaa hii.

Na safari hii pia kuna kiti. Ofisi inatarajia kompyuta ya pili kabla ya mwaka kwisha, na Évode amesema atakayeikalia atajulikana baada ya mkutano. Zaina anaitaka kama anavyotamani usichana wake urudi. Amekwisha kuchagua hata meza, ile iliyo chini ya dirisha.

"Nataka kiti ambacho asubuhi nitakikuta nilivyokiacha jioni," anasema. "Nataka mchoro wangu, kutoka nukta ya kwanza, na pembeni Z.M. Siyo kumnyooshea mtu mistari kisha yeye anaweka jina. Miezi sita sasa sina herufi kwenye karatasi hata moja."

Ni saa mbili kasoro dakika kumi na tano. Karatasi ya namba 41 bado iko kifudifudi.

Zaina anaigeuza, na sasa anatueleza. Jana jioni Donatille alikuwa na haraka, hakumwachia mchoro huu wa Gasekuro. Aliuchapa na kuuwekea herufi mwenyewe, akitumia faili la Januari. Faili hilo linakumbuka mihimili ya zamani: wa kusimama unaishia kilo tano. Shamba lililovuna zaidi ya tano linaangukia nje ya karatasi, na programu haipigi kelele. Inaliacha tu.

Mashamba saba yako nje. Anafungua fomu za Habumugisha na kuyafuata kwa sindano hadi anafika kwa mjane mmoja aitwaye Vestine. Mwaka jana Vestine alivuna kilo mbili kwa ari. Msimu huu kilo tisa.

"Wote waliofanikiwa," anasema Zaina. "Ukiangalia hii karatasi utasema mbegu haikusaidia kitu. Watawanyima."

Kwa desturi ya wachoraji hawezi kuigusa. Ina D.N. pembeni. Anaweza kusema, au anaweza kunyamaza hadi Ijumaa, mashine ya pili ikiwa njiani na Évode akiwa amekaa mbele. Hakuna atakayejua kwamba aliiona. Safari hii angeweza hata kudanganya siku.

Anazungusha sindano kati ya vidole viwili kwa muda mrefu. Anamtaja Donatille kwa jina ambalo gazeti haliwezi kuchapa. Anasema yule mtoto ana bahati ya kuzaliwa nayo, kwamba hata makosa yake huwa yanamkuta mtu wa kuyaokota.

Kisha anafungua mkoba, anatoa moja ya kalamu zake za zamani, na kwenye kipande cha karatasi ya milimita anaandika kwa herufi zile zilizonyooka ambazo wakubwa waliwaonyesha wageni:

"Na. 41. Mhimili wa kusimama umeishia 5. Upeleke hadi 20. Nukta saba ziko nje. Z.M."

Anaiweka juu ya kibodi, katikati kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeipapasa. Anazima mashine, anakishusha kile kifuniko cha maua kutoka kabatini na kuifunika. Kiti anakipandisha mara tano. Ya sita anaibakiza.

Viatu vya Donatille vinasikika kwenye korido. Zaina anachukua mkoba wake, anaelekea masijala kwa mlango wa pili.

"Nimemwambia, tena siku ileile," anasema bila kugeuka. "Lakini 'tafadhali' sikuandika, na asiingoje."